Risasi Isitangulie Neno

Miongoni mwa kazi zote anazopewa askari polisi, hakuna iliyo nzito kuliko kusimama mbele ya mlango uliofungwa huku ndani mna mtu mwenye silaha na mwingine aliyeshikwa mateka. Askari huyo amebeba bunduki aliyopewa na wananchi kwa mkono wa Serikali yao. Akiitumia kabla ya wakati wake, huenda akamuua yule yule aliyetumwa kumwokoa. Akikawia kuitumia wakati umefika, mateka atakufa naye yupo hapo anatazama. Maadam jambo lenyewe ni zito kiasi hicho, twaona yafaa lizungumzwe sasa, wakati milango i wazi na vichwa vimetulia, kuliko kungoja siku ya msiba ndipo tuanze kulaumiana.

Tuitazame Ruponda. Kata hii imo katika wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi, na wilaya ya jirani ni Ruangwa. Ni nchi ya wakulima wa korosho na ufuta, na siku hizi pia ya wachimbaji na wafanyabiashara wa madini. Tuseme mtu mmoja wa huko, kwa wivu wa ndoa, au kwa deni lililomshinda, au kwa maradhi ya akili, amejifungia chumbani na mkewe na watoto, mkononi ana gobore. Ni nani atakayefika wa kwanza? Atafika jirani, kisha mwenyekiti wa kijiji na mgambo, kisha konstebo kutoka kituo cha karibu. Vikosi vyenye mafunzo maalumu viko mbali. Dar es Salaam yenyewe iko mamia ya kilomita kutoka hapo. Kabla havijafika, mambo mengi yatakuwa yamekwisha amuliwa, kwa heri au kwa shari.

Msomaji wa visiwani asidhani kuwa hayo ni ya watu wa bara peke yao. Kisiwa cha Songosongo kimo katika mkoa huo huo wa Lindi. Jibondo ya Mafia, Kojani ya Pemba na Tumbatu ya Unguja zina shida ile ile ya umbali, na juu yake kuna bahari. Msaada wa Ruponda huja kwa gari. Msaada wa Kojani huja kwa chombo, na chombo hungoja hali ya maji. Kwa hiyo swali la lini polisi apige risasi ya kuua haliwahusu makamanda wa miji mikubwa tu. Linamhusu konstebo wa kituo kidogo, na linamhusu sheha au mwenyekiti wa kijiji atakayekuwa amesimama ubavuni mwake.

YALIYOTUFIKA MWAKA 1982

Taifa letu lina mfano wake katika jambo hili, na ni mfano wa kufundishia. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania aina ya Boeing 737 ilitekwa nyara ikiwa safarini kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Watekaji walikuwa vijana wa Kitanzania, na dai lao lilikuwa kwamba Rais Julius Nyerere ajiuzulu. Ndege ilipitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, hatimaye ikatua katika uwanja wa Stansted, Uingereza.

Polisi waliokabiliwa na kazi ile hawakuwa wa jiji kuu la London. Walikuwa polisi wa jimbo la Essex. Waliizingira ndege, wakaweka watu wenye silaha tayari, kisha wakaanza kuzungumza. Oscar Kambona, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Tanzania kabla ya kuhitilafiana na Serikali na kwenda kuishi uhamishoni, alishirikishwa katika mazungumzo hayo. Tarehe 28 Februari watekaji walijisalimisha, na abiria waliokuwa wamebaki ndani wakashuka wakiwa hai. Rais hakujiuzulu kwa ajili ya dai lile. Watekaji walishitakiwa London mwaka ule ule, wakafungwa, na kifungo kirefu kuliko vyote kilikuwa cha miaka 8.

Hebu tupime kilichotolewa na kilichopatikana. Polisi walitoa saa nyingi za kukesha na maneno mengi. Walipata abiria wazima, ndege nzima, na washitakiwa walio hai, waliosimama kizimbani na kueleza nani alipanga nini. Maiti hajibu maswali ya hakimu. Wala dola haikupungukiwa heshima hata chembe kwa kusema na watu wale.

Pengine atatokea wa kusema kuwa Waingereza ni watu wa mazungumzo tu, na kwamba hawajui kupiga. Huyo na atazame nyuma miaka 2 tu. Tarehe 30 Aprili 1980 watu 6 wenye silaha waliuvamia Ubalozi wa Iran mjini London wakawashika watu 26. Polisi walizungumza nao kwa siku 6, wakapeleka chakula, wakapata mateka wachache waliofunguliwa. Siku ya sita, tarehe 5 Mei, watekaji walimuua mateka mmoja na kuutupa mwili wake nje. Hapo ndipo kazi ilipokabidhiwa kikosi maalumu cha jeshi. Askari waliingia, wakawaua watekaji 5, wakamkamata mmoja, na mateka wote waliobaki waliokolewa isipokuwa mmoja aliyeuawa na watekaji wakati wa mapambano.

Nchi ni ile ile na kanuni ni ile ile, lakini mwisho wa mambo ulikuwa mbalimbali. Kilichotofautisha ni kitendo cha mtekaji. Pale alipoanza kuua, neno lilikwisha kazi yake na risasi ikaingia. Pale alipokuwa bado anatisha, neno liliendelea. Huo ndio mpaka tunaotaka kila askari wetu aujue kama anavyojua namba yake ya kazi.

SHERIA YASEMAJE

Mpaka huo si uzushi wetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuishi na haki ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 nayo inailinda haki ya kuishi. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamkataza askari kutumia nguvu kuliko inavyohitajika katika kumkamata mtu. Na tendo linaloelekea kuua linaruhusiwa pale anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba ni lazima kulinda uhai au kuzuia madhara makubwa kwa mtu mwingine. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, Kuba, mwaka 1990 ulitoa kanuni kwa polisi wa dunia nzima kwamba silaha isikusudiwe kuua isipokuwa pale ambapo haiepukiki kabisa ili kulinda maisha. Kanuni hizo zinamtaka askari ajitambulishe na atoe onyo kabla ya kupiga, ila kama onyo lenyewe litahatarisha maisha.

Basi mtekaji hapigwi risasi kwa sababu ametukana, wala kwa sababu ameitia Serikali aibu mbele ya umma. Hapigwi kwa sababu wakubwa wamechoka kungoja. Hukumu ya kosa lake iko kwa hakimu. Risasi ya polisi ina kazi moja tu: kumzuia asiue.

SOMO LA KISIWA KIMOJA

Kwa wasomaji wa visiwani tunaleta mfano wa kisiwa kingine, Kupro, katika Bahari ya Kati. Mkesha wa Krismasi mwaka 1993, katika kijiji cha Chloraka, kijana mmoja alimfungia mchumba wake ndani ya nyumba baada ya ugomvi, naye alikuwa na bunduki ya kuwindia. Polisi walizungumza naye mchana kutwa. Usiku ulipokuwa mkubwa walihofu kwamba angemuua msichana yule na kujiua mwenyewe, wakaingiza kikosi maalumu chenye bunduki za rashasha katika chumba kidogo. Kijana alifyatua risasi, akamjeruhi askari na mchumba wake. Askari nao walipiga risasi zisizopungua 29. Kijana alikufa pale pale, na msichana aliyekuja kuokolewa alikufa baada ya saa chache.

Kesi ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 1997 majaji 5 walisema polisi hawakuvunja haki ya kuishi, majaji 4 wakapinga. Waliopinga waliona makosa katika jinsi kazi ilivyopangwa na katika silaha zilizochaguliwa. Sisi hatutaki kuingia kati ya majaji. Lakini twawauliza wakuu wa polisi: iwapo mahakimu 9, walioketi kwa utulivu na kusoma maandishi kwa miaka, waligawanyika namna ile, je, konstebo wa Ruponda ataweza kuamua kwa sekunde 3 ikiwa hakuna aliyemfundisha lolote? Mtekaji wa Chloraka hakuwa jambazi wala mpiganaji wa siasa. Alikuwa kijana aliyegombana na mchumba. Huyo ndiye mtekaji ambaye vijiji vyetu na visiwa vyetu vinaelekea zaidi kumpata, naye ndiye anayestahili subira kuliko wote, kwa kuwa aghalabu hasira yake hupoa na majuto humwingia kabla ya alfajiri.

PALE MAZUNGUMZO YASIPOWEZEKANA

Tusidanganyane, hata hivyo. Wako watekaji ambao hawana haja ya kuzungumza. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, watu wa Al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, wakawakamata wanafunzi mabwenini na kuanza kuwaua. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa Nairobi, yapata kilomita 370 kutoka hapo, na kilipofika saa nyingi zilikuwa zimepita. Kilipoingia kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Wazazi waliouliza kwa nini kilichelewa walikuwa na haki ya kuuliza. Huko subira haikuwa busara. Kila dakika ilikuwa na maiti yake.

Kabla ya hapo, mwezi Septemba 2013, maduka ya Westgate mjini Nairobi yalivamiwa na watu 67 wakauawa. Wakenya wenyewe walilalamika baadaye kwamba polisi na jeshi waliingia bila kuwa chini ya amri moja, na kwamba ofisa wa kikosi maalumu aliuawa kwa risasi za wenzake. Hapo twajifunza kwamba ushujaa bila mpango huua, na kwamba jambo la kwanza la kuamua katika mkasa wa namna hii ni nani anayeamuru.

Ndiyo maana hatusemi kwamba polisi wasipige kamwe. Twasema wajue kutofautisha. Mtekaji anayedai kitu anazungumzika. Mtekaji anayeua huku tunamsikia lazima azuiwe mara moja, na kwa walio karibu, hata kama kikosi cha Dar es Salaam bado kiko njiani. Konstebo wa kituo kidogo apaswa kufundishwa yote mawili, kwa sababu hatapewa nafasi ya kuchagua ni msiba upi utakaomfikia.

NENO LA POLISI LAHITAJI KUAMINIWA

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mazungumzo na mtekaji yana msingi mmoja: lazima aamini kwamba akiweka silaha chini na kutoka amenyosha mikono, atafika mahakamani akiwa mzima. Asipoamini hilo, ataona kufa ndani na kufa nje ni mamoja, na mateka atakufa pamoja naye. Imani hiyo haipatikani usiku wa mkasa kwa kipaza sauti. Hujengwa au hubomolewa kila siku, kila raia anapoingia kituoni na kutoka, au kuingia na asitoke.

Watu wa Nachingwea wana sababu ya kulifikiria hilo. Mwezi Januari 2022 kijana mmoja mfanyabiashara wa madini kutoka wilaya hiyo aliuawa mkoani Mtwara akiwa mikononi mwa polisi. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza uchunguzi ufanywe, polisi 7 wakashitakiwa, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikawatia hatiani wawili na kuwahukumu adhabu ya kifo, wengine ikawaachia. Miaka 16 kabla ya msiba huo, Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi waliuawa na polisi Dar es Salaam, na umma ukaambiwa kwanza kwamba walikuwa majambazi. Tume iliundwa, ukweli ukajulikana, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja.

Mikasa hiyo haikuwa ya utekaji, na askari wengi wa nchi hii hawana doa la namna hiyo. Wako waliotoa maisha yao, kama wale 3 waliouawa Dar es Salaam tarehe 25 Agosti 2021 na mtu mwenye silaha ambaye polisi walilazimika kumpiga risasi. Lakini kila damu inayomwagika kituoni bila haki humfikia mtekaji wa kesho. Atakapoambiwa, “Toka, hatutakudhuru,” atakumbuka aliyoyasikia. Kwa hiyo kushitakiwa kwa polisi mhalifu hakulidhoofishi Jeshi la Polisi. Kunampa askari mwema neno ambalo mtu aliyekata tamaa anaweza kulishika.

YANAYOPASA KUFANYWA

Kwanza, mafunzo ya mazungumzo yasibaki kwa vikosi maalumu. Kila askari wa kituo cha wilaya, na kila Polisi Kata, afundishwe mambo manne ya mwanzo: kuwaondoa watu, kuzunguka mahali, kumtafuta wa kuzungumza, na kungoja bila kumkasirisha mtekaji. Mafunzo haya hayahitaji helikopta. Yanahitaji mwalimu, siku chache, na kurudiwa kila mwaka.

Pili, awepo msemaji mmoja na mwamuru mmoja, na wawe watu wawili tofauti. Anayezungumza na mtekaji asiwe ndiye mwenye kuamuru risasi, ili aweze kusema kwa kweli, “Ngoja niwaulize wakubwa.” Viongozi wa siasa, ndugu wenye jazba na wapiga picha wakae mbali. Manila, nchini Ufilipino, mwezi Agosti 2010, mateka wa basi walioshikwa na polisi aliyefukuzwa kazi waliishia kufa 8, na televisheni ilikuwa ikionyesha moja kwa moja mienendo ya askari. Simu za siku hizi zaweza kufanya hivyo hivyo kijijini.

Tatu, silaha ilingane na mahali. Bunduki ya rashasha ndani ya nyumba ya udongo yenye watoto haichagui. Kama hakuna mpigaji hodari mwenye shabaha, ni afadhali kungoja, maadam hakuna anayeuawa.

Nne, daktari atangulie risasi. Mjini Moscow, mwezi Oktoba 2002, majeshi ya Urusi yalitumia gesi kuwalaza watekaji katika jumba la michezo ya kuigiza. Mateka wapatao 130 walikufa, wengi kwa gesi ile, kwa kuwa matibabu hayakuandaliwa ipasavyo. Mahakama ya Ulaya ilililaumu jambo hilo mwaka 2011. Ruponda haitatumia gesi, lakini itahitaji gari la wagonjwa, mganga na damu. Kisiwani itahitajika boti iliyojazwa mafuta tayari.

Tano, kila kifo kilichotokana na risasi ya polisi, hata cha mtekaji mwovu kiasi gani, kichunguzwe na watu wasio wenzake wa aliyepiga, na matokeo yatangazwe. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kuchunguza Bara na Visiwani. Polisi ni jambo la Muungano, na kwa hiyo hapana kisingizio cha kusema kuwa lawama ni ya upande mwingine. Tume ya Rais ya haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kutoa taarifa yake mwaka 2023, ilikwisha eleza haja ya kubadili mwenendo wa polisi. Kilichobaki ni kutenda.

Wako watakaosema haya yana gharama. Ni kweli. Lakini waheshimiwa wenye kupanga bajeti wapime bei ya mwalimu mmoja wa mafunzo na bei ya nyumba moja iliyotolewa majeneza manne, baba, mama na watoto, baada ya askari asiyefundishwa kufyatua kwa woga. Pia wampime askari mwenyewe, ambaye atabeba usiku ule moyoni hadi kustaafu kwake, ingawa kosa la kwanza halikuwa lake.

Kwa wananchi nao tuna neno. Mkasa ukitokea, tusikusanyike mlangoni kupiga kelele, wala tusimwambie askari “mmalize.” Kelele zetu ndizo zinazoufanya mkono wake utetemeke. Tumpishe, tumpe habari za kweli juu ya aliyemo ndani, tabia yake, ugonjwa wake, rafiki anayemsikiliza. Mara nyingi ufunguo wa mlango ule anao mjomba au imamu au padri, na polisi mwenye akili atamtafuta huyo kabla hajaifungua bunduki yake.

Bunduki tumempa askari ili itulinde sote, mateka na hata mtekaji, mpaka dakika ile ambayo hakuna tena njia nyingine ya kuokoa uhai. Tunaitaka Serikali ihakikishe kwamba konstebo wa mbali kuliko wote, wa Ruponda au wa Kojani, anaijua dakika hiyo kabla haijamfikia.